Saketi iliyokubali kwenye kompyuta huenda ikakataa kwenye bodi

KATIKA nyumba nyingi za ghorofa za Mji wa Kale, Mombasa, ngazi ni nyembamba na zina giza hata adhuhuri. Taa ya ngazi kama hiyo hufungwa swichi mbili, moja chini na nyingine juu. Apandaye huiwasha akiwa chini, akifika juu akaizima. Swichi zikilingana, taa huzimika, zikitofautiana, huwaka. Kanuni hiyo ni miongoni mwa saketi za kwanza anazofunzwa mwanafunzi wa mantiki ya kidijitali.

Kisiwani humo, uhandisi wa umeme na elektroniki hufunzwa katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, ambacho hadi kilipopanda hadhi kilijulikana zaidi kama Mombasa Polytechnic. Kwa miaka mingi wanafunzi wa fani hii, popote walipo, walijaribu saketi kwa kuchomeka chipu ndogondogo na nyaya kwenye ubao wa matundu. Mwaka 1985 kampuni ya Xilinx ya Marekani ilitoa chipu ya XC2064, yenye vitengo 64 vya mantiki ambavyo mnunuzi aliweza kuvipanga mwenyewe. Warithi wake, wajulikanao kwa herufi FPGA, wana maelfu ya vitengo hivyo, na kuna bodi maalumu za wanaoanza.

Mchonga milango hulichora ua juu ya mbao kabla ya kutia patasi, kwa kuwa mbao iliyokatwa hairudi. Chipu hii hufutwa na kupangwa upya kila mara. Urahisi huo ndio mtego, kwani humshawishi mwanafunzi kukimbilia bodi kabla ya kuujaribu usanifu wake kwenye kompyuta.

Saketi ya ngazi ina hali nne tu za kujaribiwa. Kijumlishi cha namba mbili za biti nne kina hali 256, nazo kompyuta huzimaliza kufumba na kufumbua. Kwa namba za biti 32, hali hupindukia milioni milioni milioni 18. Hapo hapana budi kuchagua: sifuri, namba kubwa kabisa, na pale tarakimu inapobebwa.

Gharama ya hali iliyorukwa ilionekana mwaka 1994. Profesa wa hisabati nchini Marekani, Thomas Nicely, alibaini kuwa kichakataji cha Pentium cha kampuni ya Intel kilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Chanzo kilikuwa nafasi tano zilizokosa tarakimu zake katika jedwali lililomo ndani ya chipu. Chipu ile haikuwa ya kupangwa upya; Intel ilikubali kuwabadilishia wateja na kutenga dola milioni 475.

Hata usanifu uliofaulu kwenye kompyuta huweza kukwama kwenye bodi. Kosa la kawaida ni la miguu ya chipu: swichi imetajwa katika mguu usio wake, au taa ni ya aina iwakayo ipewapo sifuri, hivyo matokeo yote huonekana kinyume. Dawa ni kujaribu kwanza swichi moja na taa moja. Hizo zikikataa, kosa haliko katika mantiki, na swichi yenyewe yafaa ikaguliwe, maana hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na vyuma.

Jingine ni la wakati. Saa ya bodi nyingi hupiga mara milioni 50 kwa sekunde, na taa inayofuata mapigo hayo huonekana imewaka tu. Kihesabuji cha biti 25 huyapunguza mpaka taa ikawaka na kuzimika mara moja katika theluthi mbili za sekunde. Kwa kasi hiyo hiyo, kitufe kilichobonyezwa mara moja hudundadunda kwa milisekunde kadhaa, na hesabu ikaruka kutoka moja hadi saba. Mwanafunzi huulaumu usanifu, kumbe saketi ilihesabu sawasawa midundo yote. Kusubiri milisekunde 20 kabla ya kukubali kitufe kwa kawaida hutosha.

Umeme ukikatika, chipu nyingi za aina hii husahau mpango wote, isipokuwa umehifadhiwa katika kumbukumbu ya pembeni. Bodi iliyoamka tupu si bodi mbovu. Lakini mguu wa volti 3.3 ukiunganishwa na volti 5, chipu huenda ikaungua, na bodi inayotumiwa na darasa zima ikawa imekwisha.