TAREHE 25 MACHI NA SHERIA ZA KWENYE KARATASI

Ndugu wafanyakazi, kalenda ina mambo ya ajabu. Tuitazame tarehe 25 Machi.

Siku hiyo mwaka 1807 Mfalme wa Uingereza aliridhia sheria ya kukomesha biashara ya watumwa. Lakini waliokwisha kununuliwa waliendelea kukata miwa katika mashamba ya visiwa vya Karibi. Sheria ya kuufuta utumwa wenyewe ilianza kazi mwaka 1834.

Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, Marekani, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka moto. Sheria ya huko ilikataza kufunga milango kwa ufunguo saa za kazi. Hata hivyo mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiliwa.

Miaka 79 baadaye, tarehe 25 Machi 1990, katika mji huo huo, mtu mmoja aliichoma moto klabu ya dansi ya Happy Land. Watu 87 walikufa. Tangu mwaka 1988 ilikwisha tolewa amri klabu hiyo ifungwe, kwa kukosa njia za kutosha za kutokea wakati wa hatari!

Tunajifunza nini? Sheria isiyosimamiwa haiokoi mtu. Basi tusingoje moto. Kesho tukiingia zamu, tuusukume kila mlango wa kutokea. Tukiukuta umefungwa, tumwarifu mjumbe wa chama siku hiyo hiyo.