Pikapu, tela na mlango wa nyuma: nani ashushe, nani afunge?

Ukitaka kujua ndoa ya watu ikoje, usiwaangalie siku ya sendofu. Subiri wanunue pikapu, wafunge tela, halafu watazame wanavyopiga rivasi kuingia getini. Hapo ndipo utasikia yote! Bwana kashika usukani. Bibi yuko nyuma anapunga mikono. Kijana wa bodaboda ambaye hakuitwa na mtu naye kajipa cheo cha ukonda: "Njoo, njoo, kata kulia, kulia!" Mara, paa! Kimya. Kisha linafuata lile swali ambalo limeshaharibu Jumamosi za watu wengi: "Sasa kwa nini hukuniambia?"

Na mara nyingi kilichogongwa si ukuta wala mti. Ni mlango wa nyuma wa pikapu yao wenyewe, umegongwa na tela lao wenyewe.

Wengi wetu tulio na ajira Dar tumeanza kuhamishia wikiendi zetu Barabara ya Morogoro. Unapita Kibaha, unafika Mlandizi, unaacha lami na kuingia ndani kuelekea Janga, kwenye kakiwanja au kashamba mlikokanunua kwa kujinyima. (Jina lisikutishe, msomaji wangu. Janga ni kata tu ya Wilaya ya Kibaha, na janga pekee utakaloliona ni matope ya masika.) Ukishakuwa na shamba huko, gari dogo la kwendea ofisini halikutoshi tena. Unahitaji pikapu. Na ukishakuwa na pikapu, baada ya miezi michache utahitaji tela.

Tuchukue mfano wa wawili wa kubuni, ila utawatambua. Bwana yuko benki, bibi ni muuguzi. Wamenunua dabo kebini ya mkono wa pili kwa sababu ni gari la familia: Jumapili kanisani, Jumatatu ofisini, Jumamosi shamba. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba bodi la dabo kebini lina urefu wa mita moja na nusu hivi, wakati bati wanalotaka ni la mita 3 na nondo dukani huja za mita 12. Kwa hiyo mlango wa nyuma unashushwa ili mzigo upate pa kuegemea, na tela linafungwa nyuma kwa ajili ya tenki la maji. Ugomvi unaanzia papo hapo, maana vitu hivyo viwili, mlango ulioshushwa na tela lililofungwa, vinagombea nafasi moja.

Jeki ya tela haina huruma

Tela dogo la kawaida huungwa kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo chini ya bampa. Kwenye shingo ya tela kuna jeki yenye mpini, imesimama wima. Ukishusha mlango wakati tela liko nyuma, kwenye magari mengi mlango unatua juu ya mpini huo. Ukiwa umesimama, utaambulia mkwaruzo. Lakini ukiendesha mlango ukiwa chini, kila kona unayokata inaisogeza pembe ya tela karibu na pembe ya mlango, na kwenye kona kali ya getini vinakutana. Bonde moja tu la barabara ya vumbi nalo linatosha: pua ya gari inapanda, mkia unashuka, na mpini wa jeki unatoboa bati la mlango kama kopo la maziwa.

Basi utaratibu ni huu: mlango ufungwe kabla ya kuunga tela, na ubaki umefungwa njia nzima. Mzigo mrefu uende kwenye tela, si juu ya mlango. Kabla ya kununua tela, mwambie fundi wa kuchomelea ahamishe jeki iwe pembeni ya shingo, au aweke ya kukunja. Ni kazi ndogo. Kunyoosha mlango uliobonyea, kupiga rangi ifanane na gari, na kuhangaika Ilala na Gerezani kutafuta kitasa chake, hiyo ndiyo kazi kubwa.

Na hilo tenki mlilobeba? Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, bado hujahesabu tela lenyewe. Shingo ya tela la namna hii inatakiwa ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ikipungua, tela litaanza kuyumba kama mlevi ukishaongeza mwendo. Ikizidi, mkia wa pikapu unakaa chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani unalegea mikononi, na taa zako zinawamulika wenzako machoni. Tenki lililojaa nusu ndilo baya zaidi, kwa sababu maji yanakimbia mbele na nyuma kila unapokanyaga breki. Jaza kabisa au mwaga kabisa.

Kaka mkubwa: gurudumu la tano

Ukiwa Mlandizi, simama kidogo utazame malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Kati ya kichwa na tela utaona sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi, imekaa juu ya ekseli za nyuma. Pini iliyo chini ya tela inaingia kwenye mdomo wa sahani hiyo na kufungwa. Hilo ndilo linaloitwa gurudumu la tano. Jina limetoka enzi za magari ya farasi, ambapo duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele liliwezesha gari kukata kona. Uzuri wake ni kwamba uzito wa tela unakaa juu ya magurudumu, si kuning'inia nyuma ya bampa. Ndiyo maana tela la namna hii haliyumbi ovyo, na dereva wa semi anarudi nyuma sehemu ambayo wewe na katela kako mngelia.

Wamarekani waliupenda ufundi huu mpaka wakauingiza kwenye pikapu. Glenn Curtiss, yule aliyepata jina kwa kutengeneza ndege, ni mmoja wa watu wa mwanzo kuunda tela la kuishi ndani linaloungwa juu ya mkia wa gari badala ya nyuma yake. Leo huko Texas si ajabu kuona wastaafu wawili wakizunguka nchi nzima na nyumba ya magurudumu iliyofungwa katikati ya bodi la pikapu. Raha iliyoje!

Lakini angalia tofauti moja. Kichwa cha semi hakina mlango wa nyuma. Pikapu inao. Na pini ya tela, ili iifikie sahani iliyo ndani ya bodi, lazima ipite juu ya mlango huo. Kwa hiyo mlango unashushwa, gari linarudi nyuma taratibu mpaka pini iingie na mdomo ufunge, unamulika kwa tochi kuhakikisha umefunga kweli, unavuta kidogo ukiwa na breki za tela, kisha unapandisha mlango. Tena uhakikishe unapanda bila kugusa shingo ya tela, na kwamba haitaugusa gari likipita kwenye tuta. Wengine hukata tamaa wakauvua kabisa. Wengine hununua mlango uliokatwa katikati mfano wa herufi V ili shingo ipite hata ukiwa umefungwa.

Msiba hautokei sana wakati wa kuunga. Wakati wa kuunga kila mtu yuko makini, mlango unaonekana, kahawa bado moto. Msiba uko wakati wa kuachanisha. Mmefika usiku, mmechoka, mtoto analia, mmoja kafungua mdomo wa sahani, mwenzake anapiga gia na kusogea mbele. Mlango uko juu. Pini inaung'oa na bawaba zake. Neno la kukumbuka ni fupi: kabla gari halijasogea mbele, mlango chini!

Sasa najua kuna bwana ameshaanza kuwaza, "Nikimpa fundi wangu chuma, ananifungia sahani hiyo kwenye bodi." Mama watoto, mshike mkono. Tela la namna hii hubebesha pikapu kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Tela la tani 2 tu linaweza kuweka kilo 500 juu ya bodi, kwenye gari ambalo mzigo wake halali ni kama tani moja, na bado hamjapanda nyinyi, shangazi na magunia. Halafu kuna ule ufupi wa bodi. Kwenye dabo kebini sahani iko karibu mno na kioo cha nyuma, na ukikata kona kali unapopiga rivasi, pembe ya tela inaingia kwa abiria wa nyuma. Kwa maoni yangu, kwa gari la saizi hiyo jambo hili halina maana. Kama kweli mnabeba kila wiki, uzeni dabo kebini mnunue singo kebini yenye bodi refu, na tela libaki la kuunga kwenye bampa.

Mmoja anaongea, mmoja anasikia

Turudi getini. Mtu mmoja tu ndiye aongoze. Kijana wa bodaboda ashukuriwe kwa heshima na aombwe akae pembeni. Anayeongoza asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye saiti mira. Kama dereva hamwoni, gari lisimame, basi, hakuna mjadala. Vioo vishushwe, redio izimwe. Na kamwe, nasema kamwe, mtu asisimame kati ya pikapu na tela wakati injini inaunguruma, hata kama ni kunyoosha mnyororo tu. Mguu ukiteleza kwenye klachi ni sekunde moja, na mlango wa nyuma unaweza kumbana mtu kifuani.

Kubalianeni maneno kabla. "Njoo" ni kwa gari au kwa tela? Maana tela la kuunga kwenye bampa linakwenda kinyume: ukikata usukani kulia, mkia wa tela unakwenda kushoto. Shika usukani kwa chini, saa sita ya chini pale. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela nao unakwenda kushoto. Ukijua hilo, nusu ya kelele zinaisha.

Na kwa nini kila mara bwana ndiye awe kwenye usukani? Badilishaneni. Mwanaume akisimama nyuma mara mbili kwenye jua la Janga, akipunga mikono bila kuonekana, Jumamosi inayofuata ataongea kwa upole zaidi. Bibi naye akishaona jinsi tela linavyopotea ghafla kwenye kioo, hataita tena uzembe kitu ambacho ni pembe tu.

Ukiacha wazi unaokoa mafuta?

Hii utaisikia kwa kila mwenye pikapu: "Shusha mlango, upepo upite, mafuta yanakwenda mbali." Inaingia akilini, lakini si kweli. Mlango ukiwa umefungwa, hewa inazunguka ndani ya bodi na kutengeneza kama mto wa hewa, na upepo unaotoka juu ya paa unateleza juu ya mto huo. Ukishusha mlango, mto unavunjika. Kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kiliwahi kulijaribu hili, na pikapu iliyofungwa mlango ndiyo iliyokwenda mbali zaidi.

La mafuta ni dogo, la moshi ndilo kubwa. Kama pikapu yenu ina kanopi na mlango wa nyuma umeachwa wazi, gari likitembea hewa iliyo nyuma yake huvutwa kuingia ndani, na moshi wa bomba huja nayo. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Watoto waliolala humo wakati mnarudi Dar jioni wataonekana wamechoka tu na shughuli za shamba. Watoto wakae mbele na wafunge mikanda. Kama hakuna nafasi, kuna mabasi Mlandizi mpaka usiku.

Mzigo ukilazimika kutokeza nyuma, fungeni kwa kamba kwenye vishikizo vya bodi, si kwenye mlango, na mwisho wake muweke kitambaa chekundu kinachoonekana. Usiku msisafiri nao. Mifuko ya saruji isipangwe juu ya mlango ulioshushwa: sita tu ni kilo 300, zinaning'inia kwenye waya mbili, na kila shimo linazidisha uzito huo.

Gari likiwa limesimama, tela limeachanishwa, magurudumu yamewekewa jiwe, hapo shusheni mlango mkae. Ndiyo benchi zuri kuliko yote Janga, hasa jioni upepo ukianza na nanasi limeshamenywa. Ila kwanza kagueni zile waya pembeni. Zikiwa zimechakaa au zina kutu, mbadilishe zote mbili kwa pamoja.