Wanaoketi katika Bodi za Shule Zetu: Wameitwa Kufanya Nini?



Mwezi Januari, shule zilipokuwa zikifunguliwa, muumini mmoja alinisogelea baada ya Misa akiwa na barua mkononi. Alikuwa ameteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya shule mojawapo ya sekondari. Akaniambia: "Padre, nashukuru kwa heshima hii. Ila naomba kuuliza, nitakuwa nafanya nini hasa?" Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu, kwamba aje tu siku ya kikao, makabrasha atayakuta mezani. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kuwa swali lake lilikuwa jema kuliko jibu langu. Makala hii ni jaribio la kumjibu upya, yeye pamoja na waamini wengine ambao majina yao husomwa mara moja kanisani, yakapigiwa makofi, kisha yasisikike tena.

Tuanze na jambo la historia, maana linaeleza udhaifu wetu. Wamisionari wa Shirika la Upendo, tunaowaita Warosmini, walipoinjilisha eneo hili la Tanga katika karne iliyopita, shule ilikuwa sehemu ya misheni, na padre wa misheni ndiye aliyekuwa meneja wake. Aliajiri, alilipa, alijenga, aliamua. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule za madhehebu zilitaifishwa, nasi tukabaki hasa na seminari. Mlango ulifunguliwa tena baadaye: Hati ya Maelewano kati ya Serikali na Makanisa ilitiwa sahihi mwaka 1992, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakaribisha wamiliki wasio wa Serikali kuanzisha shule kwa upana zaidi. Lakini katikati ya vipindi hivyo viwili ilikuwa imetungwa Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, inayotaka shule ya sekondari iwe na bodi na shule ya msingi iwe na kamati. Kwa maneno mengine, tulirudi katika kazi ya shule tukiwa na mazoea ya misheni ya kale ndani ya nyumba yenye sheria mpya. Bodi tuliiunda kwa sababu sheria ilidai. Sina hakika kwamba mioyoni tuliihitaji.

Ni vema muumini ajue nani ni nani. Mwenye shule ni Jimbo, au shirika la kitawa, likitenda kwa njia ya wadhamini wake waliosajiliwa. Meneja husimama kwa niaba ya mwenye shule; kwetu mara nyingi ni padre au mtawa. Mkuu wa shule huiendesha shule siku kwa siku, na ndiye katibu wa bodi. Bodi husimamia: hupokea na kuhoji bajeti, husoma hesabu, huangalia mpango wa maendeleo, hushughulikia nidhamu nzito, na hujali usalama na ustawi wa wanafunzi. Tofauti ya kusimamia na kuendesha ni nyembamba, na wengi huivuka bila kujua. Mjumbe anayeingia jikoni kumpangia mpishi kipimo cha maharage amepotea njia. Aliyeketi katika bodi miaka mitatu pasipo kuuliza hata mara moja kama watoto wanashiba, huyo naye amepotea, tena zaidi.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro wana utaratibu tofauti kidogo. Nchini Kenya shule nyingi zilizoanzishwa na Kanisa ni za umma: Serikali hulipa walimu, na Kanisa hubaki mfadhili. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka bodi iwe na wawakilishi sita wa wazazi au jamii, watatu wa mfadhili, mmoja wa walimu, na wengine wachache. Askofu wa huko ana viti vitatu tu. Sauti ya Kanisa katika shule hiyo inategemea kwa sehemu kubwa watu watatu hao ni akina nani na kama husoma makabrasha yao kabla ya kikao. Mbali zaidi, Marekani, tangu jimbo la Minnesota lilipotunga sheria mwaka 1991, zipo shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba: bodi hupewa fedha za umma na uhuru mpana, nayo huahidi matokeo kwa maandishi, ikishindwa, mkataba unaweza kufutwa na shule ikafungwa. (Majimbo mawili ya Kanisa huko Oklahoma yalijaribu kuanzisha shule ya namna hiyo ikiwa ya Kikatoliki, mahakama ya juu ya Oklahoma ilikataa, na mwezi Mei 2025 majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani wakagawanyika nne kwa nne, hivyo katazo likabaki.) Sitamani tuige mfumo huo. Natamani tu kwamba bodi zetu nazo ziwe na kitu kilichoandikwa ambacho zinaweza kuulizwa.

Sasa niruhusuni nieleze kosa langu.

Nilipokuwa padre kijana, nilikabidhiwa umeneja wa shule moja ambayo sitaitaja. Tulinunua gari. Nasema "tulinunua" kwa adabu, nilinunua mimi. Bei ilikuwa nzuri, muuzaji alikuwa na haraka, nami nikatoa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya tangi la maji la bweni la wasichana, nikijiambia kwamba nitazirudisha ada za muhula wa pili zitakapoingia. Kisha nikaitisha bodi ili ipitishe. Wajumbe walikuwa tisa. Wanane walikubali kabla sijamaliza kueleza. Wa tisa, mama anayeuza samaki wa kukaanga sokoni, mwakilishi wa wazazi, alinyoosha mkono. "Samahani, Padre. Gari hili tunaombwa tulinunue, au tunaambiwa limekwisha kununuliwa?" Chumba kikawa kimya. Mwenyekiti, mzee mwema aliyenipenda kama mwanawe, akamwambia kwa upole kwamba mambo ya Padre hayahojiwi hivyo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuokolewa. Muhtasari ukaandikwa kwamba bodi iliridhia kwa kauli moja.

Ada za muhula wa pili hazikutosha, kama ambavyo hazitoshi kamwe. Ukame ukaja, bomba likakauka, wasichana wakawa wanachota maji kwenye kisima kisichofunikwa. Kumi na mmoja walilazwa kwa homa ya matumbo. Wote walipona, ashukuriwe Mungu. Gari lilelile ndilo lililowapeleka hospitali, na kuna aliyenipongeza kwa kuona mbali.

Wale wanane hawakuwa watu wabaya. Waliniheshimu, na waliamini kwamba kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha swali la muumini wangu mwenye barua. Anayeketi katika bodi ameitwa kuuliza, na kuuliza kwake ni huduma kwa yule anayeulizwa. Kitabu cha Kutoka kinatusimulia, katika sura ya 18, jinsi Yethro alivyomtazama mkwewe Musa akihukumu watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema, kwamba atajichosha yeye na watu pia. Musa alikuwa amezungumza na Mungu mlimani. Hata hivyo alimsikiliza mzee huyo, akatenda kadiri ya shauri lake. Laiti mimi ningekuwa na usikivu wa Musa siku ile, au mwenyekiti wangu angekuwa na ujasiri wa Yethro.

Kuhusu fedha, Sheria za Kanisa hazituachi gizani. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa watunze mali hiyo kwa bidii ya baba mwema wa familia, waweke vitabu vya mapato na matumizi vilivyo sahihi, na watoe taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1298 husahaulika zaidi: isipokuwa jambo liwe dogo, mali ya Kanisa isiuzwe wala kupangishwa kwa msimamizi wake, wala kwa ndugu zake hadi daraja la nne, pasipo ruhusa maalumu ya maandishi ya mamlaka husika. Kanuni hiyo inazungumzia kuuza na kupangisha, lakini roho yake ni pana. Shemeji ya mjumbe anapouzia shule mahindi, au mpwa wa mwenyekiti anapopewa kazi ya kupaka rangi madarasa, mjumbe huyo aseme mapema mbele ya wote, kisha atoke nje wakati uamuzi unafanyika. Huku pwani undugu wetu ni mpana, na utani wa makabila huufanya uwe mpana zaidi; tukisema kila ndugu asifanye biashara na shule, huenda tutakosa wa kutuuzia hata chumvi. Lakini kusema na kutoka nje hakugharimu kitu.

Ada ni jambo gumu zaidi, nami sina jibu jepesi. Shule zetu hazilipiwi mishahara na Serikali. Ada isipolipwa, mwalimu hapati mshahara wake, naye ana watoto pia. Tangu elimu bila ada ilipoanza katika shule za Serikali mwezi Januari 2016, mzazi anayeleta mtoto kwetu anajinyima kwa hiari ili alipe. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliomba shule za Kikatoliki ziwajali hasa walio maskini, wasio na msaada wa familia, na wasio na zawadi ya imani. Bodi gani inaweza kulisoma ombi hilo na bado ipitishe orodha ya watoto wa kurudishwa nyumbani wiki moja kabla ya mtihani? Zipo zilizofanya hivyo, nami niliwahi kuketi katika mojawapo. Maoni yangu ni haya: bajeti iwe na fungu la msaada, hata likiwa dogo, na bodi ijue kwa hesabu ni watoto wangapi linawabeba. Mtoto wa kibarua wa shamba la mkonge akibebwa, abebwe kwa uamuzi wa bodi uliorekodiwa. Huruma ya siri ya meneja huisha siku meneja anapohamishwa.

Juu ya usalama nitasema machache, lakini yashikwe. Mwezi Juni 1994 moto uliteketeza bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, wakafa wasichana zaidi ya 40. Mwezi Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu kwenye pwani ya Kenya, wasichana zaidi ya 20 waliangamia katika bweni lililofungwa, lenye nondo madirishani. Nondo huwekwa ili kumzuia mwizi, na mlango hufungwa kwa nia njema ya kuwalinda mabinti. Kila mjumbe wa bodi yenye shule ya bweni aende kwa miguu yake, usiku mmoja kwa mwaka, aone ufunguo unakaa kwa nani na mlango wa pili unafunguka upande gani. Huko si kuingilia kazi ya matroni.

Liko pia swali ambalo wenzetu wa bara hawaulizwi mara nyingi. Katika shule zetu za pwani watoto wengi ni Waislamu. Je, mzazi Mwislamu anaweza kuketi katika bodi ya shule ya Kikatoliki? Waamini kadhaa wameniuliza kwa wasiwasi. Kanuni ya 796 inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi na kuwasikiliza kwa moyo, nayo haisemi lolote juu ya dini ya wazazi. Kulinda Ukatoliki wa shule, yaani mafundisho na walimu wa dini, ni haki na wajibu wa Askofu kadiri ya kanuni za 805 na 806, na hakuna kura ya bodi inayoweza kumwondolea wajibu huo. Hivyo hatupaswi kuogopa. Nimemwona mzee mmoja Mwislamu, fundi mashua mstaafu, akiitetea kanisa ndogo ya shule isigeuzwe ghala la magodoro. Alisema hakumleta mjukuu wake mahali ambapo wenyewe hawajali nyumba yao ya sala.

Basi, ndugu yangu mwenye barua. Kabla ya kikao chako cha kwanza, omba karatasi nne: mwongozo wa bodi unaotaja wajibu na muda wako, mihtasari ya vikao vitatu vilivyopita, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia, na taarifa ya mwisho ya wathibiti ubora wa shule. Ukiambiwa hazipo, utakuwa umekwisha kupata ajenda yako ya kwanza. Usikubali uteuzi kwa ajili ya posho, ambayo ni ndogo na nauli huimaliza. Na kama unajua huwezi kumwuliza Paroko wako swali mbele ya watu, ni afadhali uipishe nafasi.

Alirudi kwangu Jumapili mbili baadaye, nami safari hii nilimpa karatasi hizo. Juzi amenipigia simu. Ameona katika hesabu kwamba fungu la ukarabati wa vyoo limetumika lote, naye alipita shuleni akakuta milango mitatu haina bawaba. Anataka kujua amwulize nani kwanza, mkuu wa shule au meneja. Nimemwambia amwandikie mwenyekiti, na nakala amletee meneja, ambaye ni mimi.