Kidogo si Kidigo: Mgeni wa Ramisi na Somo la Lugha

Mgeni anaposhuka kwenye matatu pale Ramisi, sentensi ya kwanza inayomfaa baada ya salamu ni hii: “Ninajifunza Kiswahili.” Ni maneno mawili tu, lakini humfungulia milango ambayo pesa haiwezi kuifungua.

Ramisi, kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ni mahali palipozoea wageni. Kiwanda cha sukari kiliwavuta vibarua kutoka bara, na Wamakonde wenye asili ya Msumbiji nao walifanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge ya Kwale. Kiwanda hicho kilipofungwa mwaka wa 1988, wengi hawakurudi walikotoka. Walikuwa wamekwisha kuoa, kuzaa na kuzika hapa. Wamakonde walipofunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kudai uraia, walikuwa watu waliokwisha kuishi na majirani zao kwa miaka mingi, na lugha ndiyo iliyowaunganisha.

Sarufi kidogo

Tuitazame sentensi yetu. Katika “ninajifunza”, ni- ni mimi, -na- ni wakati uliopo, -ji- ni nafsi yangu mwenyewe, na -funza ndilo shina. Mgeni akiisahau hiyo -ji- atasema “Ninafunza Kiswahili”, yaani yeye ndiye mwalimu! Silabi moja humgeuza mwanafunzi kuwa mwalimu, na wenyeji wakabaki wakitazamana.

Vilevile, kuna tofauti kati ya “Sijui Kiswahili” na “Sijakijua vizuri.” Ya kwanza hufunga mlango. Ya pili, kwa sababu ya ile -ja-, yasema kwamba kazi ingali inaendelea. Mgeni mwerevu huchagua ya pili, kisha huongeza: “Tafadhali sema polepole,” au “Nikikosea, nirekebishe.”

Ajihadhari pia na neno “kidogo”. “Nasema Kiswahili kidogo” ni unyenyekevu. Lakini ulimi ukiteleza akasema “Nasema Kidigo”, mzee aliye mbele yake atafurahi na kummiminia lugha ya Wadigo, ambayo wenyewe huiita Chidigo, na mgeni ataachwa mdomo wazi. Lugha hizi ni ndugu, ila si moja. Mtu ni “mutu”, na ki- ya Kiswahili aghalabu huwa chi-. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kuitafuta kamusi iitwayo Mgombato, iliyotolewa mwaka wa 2004, yenye Kidigo, Kiingereza na Kiswahili.

Wajibu wa mwenyeji

Hata hivyo, mzigo huu si wa mgeni peke yake. Wenyeji nao wana makosa matatu.

Kwanza, mgeni akijaribu Kiswahili, twamjibu kwa Kiingereza. Twadhani ni hisani, kumbe tumemnyima somo.

Pili, twampa Kiswahili cha ufukweni, kile cha “Jambo” na “Hakuna matata” kinachouzwa kwa watalii kule Diani. Salamu yenyewe ni “Hujambo?”, yaani huna jambo baya lililokupata? Naye hujibu “Sijambo.” Kwa wazee ni “Shikamoo”, na jibu ni “Marahaba.” Kwa nini tumpe mgeni makapi na nafaka tunayo?

Tatu, na hili ndilo baya zaidi, twamcheka. Fikiria muuguzi kutoka bara aliyehamishiwa Msambweni. Akichekwa leo kwa kusema “mguu mbaya inauma”, kesho ataona haya kumwuliza mama maumivu ya mtoto yalianza lini. Fikiria mke aliyeolewa kutoka mbali. Mawifi wakimwiga jikoni, atanyamaza, na wenye nyumba watasema ana kiburi. Kicheko chetu huwa kimewanyamazisha watu ambao tunawahitaji.

Njia njema ya kusahihisha ni kurudia tu. Mgeni akisema “kitu mzuri”, mjibu, “Naam, kitu kizuri.” Atasikia, na hutakuwa umemwaibisha mbele ya watu. Watoto wetu wenyewe tuliwafundisha hivyo hivyo, na hakuna aliyewaita wajinga.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lugha nayo ni jembe. Atakayekuambia wiki hii “Ninajifunza Kiswahili”, mjibu kwa Kiswahili, polepole, kisha umpe nafasi ya kumaliza sentensi yake. Huenda ndiye jirani atakayeitwa usiku mwanao akiugua.