Porto Alegre hakuna wa katikati
UKITUA Porto Alegre, kusini mwa Brazil, utakuta watu wametembea na chupa ya chai na kibuyu cha chimarrão, kinywaji kichungu cha wagaucho. Watakukaribisha unywe, kisha swali: wewe Grêmio au Inter?

Usijibu haraka. Grêmio ilizaliwa 1903, wengi wakiwa wenye asili ya Ujerumani. Ndugu wa familia ya Poppe, wageni kutoka São Paulo, walikosa klabu ya kuwapokea, wakaanzisha Internacional 1909. Dabi ya kwanza wakapigwa 10-0! Aibu, ila waliendelea.

Wakiwa na weusi kikosini, Inter walibeba ubingwa wa jimbo mara sita mfululizo, 1940 hadi 1945. Grêmio walipofungua rasmi mlango kwa weusi, 1952, walimsajili nani? Tesourinha, nyota wa zamani wa Inter.