Kichwa kimepona, mbona sikio halisikii?

Mtu ameanguka na bodaboda, kichwa kikagonga lami. Ameshonwa, amepigwa picha ya mguu, karuhusiwa. Siku ya tatu anagundua kuwa simu akiiweka sikio la kushoto hasikii kitu, na akigeuka kitandani anashikwa na kizunguzungu. Nyumbani wanamwambia avute subira, litazibuka.

Wakati mwingine huzibuka kweli. Damu iliyojaa nyuma ya ngoma ya sikio huisha taratibu, usikivu ukarudi baada ya wiki kadhaa. Ngoma iliyochanika mara nyingi huziba yenyewe. Hata vile vifupa vitatu vinavyopitisha mtikisiko vikiachana, daktari bingwa anaweza kuviunganisha kwa upasuaji.

Likiumia sikio la ndani, mambo hubadilika. Humo mna koklea, mrija wenye maji uliojiviringa kama konokono, na seli za vinyweleo zipatazo 15,000 tu. Kishindo kinaweza kuziumiza hata fuvu lisipopasuka. Iliyojeruhiwa kidogo huweza kupata nafuu; iliyokufa ndiyo basi. Kuku huotesha nyingine, sisi hatuoteshi.

Kinachonisikitisha ni kwamba dalili ya kwanza ya tofauti hiyo hupatikana kwa sekunde chache. Daktari hugonga uma wa chuma unaotoa mlio, akausimamisha katikati ya paji la uso. Mlio ukisikika zaidi upande ulioumia, kasoro huenda iko kwenye ngoma au vifupa. Ukihamia sikio zima, anashuku sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu. Hapo hufuata kipimo kamili cha usikivu na CT scan, na wengi huanzishiwa dawa za steroidi mapema. Kwa hiyo nenda siku hiyo hiyo unapoona husikii.

Maji maangavu yakitoka sikioni, au uso ukipinda, usingoje hata kuche: huenda ni majimaji yanayouzunguka ubongo, au mshipa wa uso umebanwa. Usitie mafuta wala kitunguu saumu, na usipenge kamasi kwa nguvu.

Usikivu usiporudi, kuna shimesikio. Kwa aliye kiziwi masikio yote mawili, kuna upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea, huduma iliyoanza katika hospitali ya Muhimbili, Tanzania, mwaka 2017. Kifaa hicho huruka seli zilizokufa na kuusisimua mshipa wa fahamu moja kwa moja, ndiyo maana madaktari huuchunguza mshipa huo kwanza; ukiwa umekatika, hakisaidii.