Sahani ya Maskini na Dini Yake

Ndugu zetu Waislamu, wazee kwa vijana, mwezi huu tumependa kuwaeleza habari za majiko ya sadaka yaliyo mbali sana na Tabora yetu, tena ya watu wasio wa dini yetu. Majiko hayo ni ya Mayahudi. Twajua wako watakaoshangaa kuona habari hizi katika gazeti la nyumba za Kiislamu. Twawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wapime wenyewe.

Tuanze na swali linalojulikana katika kila nyumba yetu. Mwislamu akiletewa nyama ugenini, hata kama ana njaa ya kutwa nzima, huuliza kwanza: "Nani aliyechinja?" Swali hili ni la zamani katika nchi hii ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 misafara ilipanda kutoka pwani ya Bagamoyo kuja Tabora, na mingine ikaendelea mpaka Ujiji, ikipita katika mapori yenye wanyama wengi. Mwislamu aliyekuwamo ilimpasa ajihadhari na kibudu. Basi sisi twaijua taabu ya mtu ambaye chakula kipo mbele yake, njaa imo tumboni mwake, na dini yake yamwambia angoje.

Taabu hiyo hiyo wanayo Mayahudi. Chakula kilichoruhusiwa kwa sheria yao huitwa kosheri, kama sisi tusemavyo halali. Nguruwe kwao ni haramu kama kwetu. Mnyama wa miguu minne hawamli ila awe na kwato zilizopasuka na awe mwenye kucheua. Kwa hiyo ngamia, aliye halali kwetu, kwao hafai. Samaki sharti awe na mapezi na magamba. Sato aweza kuliwa, kambale hawezi. Mchinjaji ni mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na kisu chake hukaguliwa kisiwe na pengo hata dogo. Damu kwao ni haramu, hivyo nyama hulowekwa na kutiwa chumvi ili damu iliyobaki itoke. Tena nyama na maziwa havipikwi pamoja, na kila kimoja kina vyombo vyake.

Sasa fikiri, ewe msomaji, hali ya Yahudi maskini katika mji wa watu wengine. Akienda penye jiko la sadaka akapewa supu, hajui nyama ile imechinjwa na nani, wala chungu kile kilipikiwa nini jana. Hapo hana ila njia mbili: ale huku moyo wake wamsuta, au arudi nyumbani na njaa yake. Tajiri hapati shida hiyo, kwani hununua atakacho. Ni maskini peke yake anayelazimishwa kuchagua baina ya tumbo na dini.

Ndiyo sababu katika mwaka wa 1854 Mayahudi wa London walianzisha jiko la supu kwa ajili ya maskini wao. Baada ya mwaka 1881 Mayahudi wengi walikimbia mateso katika dola ya Urusi, na maelfu yao wakafikia mitaa ya mashariki ya London, wengi hawana kitu ila nguo walizovaa. Mwaka 1902 jiko lile lilihamia katika jengo jipya la mtaa wa Spitalfields. Jengo hilo lingali limesimama, na juu ya ukuta wake yamechongwa maneno ya kujulisha kwamba hapa ni jiko la supu la Mayahudi maskini. Mlango mmoja umeandikwa wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Watu walipewa supu na mkate, wakaenda kula na watoto wao nyumbani. Kazi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1992.

Si mbali na hapo, katika njia iitwayo Brick Lane, liko jengo jingine la kuzingatia. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia kutoka Ufaransa. Mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi la Mayahudi. Tangu mwaka 1976 ni msikiti, na wengi wa wanaosali humo asili yao ni Bangladesh. Tazama basi: mtaa mmoja, na kila kizazi kimepokea wakimbizi na maskini wake. Aliyekuwa mgeni mwenye njaa jana, leo ndiye mwenyeji, na mlangoni pake amesimama mgeni mwingine.

Huko Marekani, katika mji wa New York, liko jiko lililoanzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn na Alexander Rapaport na Mordechai Mandelbaum, nalo laitwa Masbia. Chakula chake chote ni kosheri, lakini hawabagui. Mwenye njaa wa dini yoyote hula. Nao walipanga jiko lao kwa mfano wa hoteli: mgeni aliketi mezani, akaletewa chakula na watu waliojitolea, na baina ya meza na meza waliweka viambaza, ili mtu asitazamwe na jirani yake katika unyonge wake.

Jina hilo Masbia ni la Kiebrania, na maana yake ni mwenye kushibisha. Asili yake ni moja na neno la Kiarabu tulilolipata sisi Waswahili tukasema "shiba". Na neno lao la kutoa kwa ajili ya Mungu ni "tsedaka", ndugu wa "sadaka" yetu. Sisi walimu wa vyuo huwafundisha watoto maneno haya kila siku, na ni vyema wajue kwamba wako watu wengine waliyoyapokea pia.

Katika mji huo huo liko baraza la Mayahudi la kusaidia maskini, liitwalo Met Council, lililoundwa mwaka 1972. Kazi yake kubwa ni kugawa vyakula vya kosheri, nalo limegawa pia vyakula vya halali kwa Waislamu wahitaji. Waliojua uchungu wa swali la "nani aliyechinja?" wamelifahamu swali hilo katika kinywa cha mwenzao.

Wako watakaotuuliza: Vipi mwawasifu Mayahudi, hali ndugu zetu wa Palestina wamefikwa na haya tunayoyasikia? Twajibu: Uchungu wa Palestina ni uchungu wetu, wala hatuusahau katika dua zetu. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Maidah, aya ya 8, yatuamrisha kushika uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao. Mtu aliyempikia mwenye njaa ametenda jema, na jema haligeuki kuwa ovu kwa sababu ya kabila la mtendaji.

Turudi kwetu Tabora. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Aliyewapokea, akawakirimu na kuwasaidia kwa kila jambo, ni Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman. Hawakuwa wa dini yake, naye hakuwafungia mlango. Hiyo ni sifa ya mji wetu. Lakini haki yataka tuseme na la pili: njia ile ile ya miembe ilipitisha watu waliofungwa minyororo, wengine wakafa kwa njaa na uchovu njiani. Na katika Sura ya Al-Insan, aya ya 8, waliosifiwa ni wale wamlishao maskini, na yatima, na mfungwa. Mfungwa ametajwa kwa jina lake, na mji wetu ulimwona akipita mlangoni.

Basi yatupasa tujiulize leo. Mwezi wa Ramadhani twapika futari, twaalika, twagawa. Je, mwezi wa Shawali yule maskini hali? Siku ya Ijumaa wazee na vipofu hupanga mstari juani kungoja senti, mbele ya macho ya watu wote. Je, hakuna njia ya kumpa mtu akaketi na kula kwa heshima? Yuko Mwislamu mgonjwa hospitalini asiye na jamaa, yuko kijana gerezani, yuko mtoto wa bweni. Nani anayewauliza kama chakula chao chawafalia? Na akija jirani asiye Mwislamu ana njaa, je, chungu chetu kina fungu lake?

Hatuombi jumba kubwa. Nyumba kumi zikishirikiana, kila moja ikapika siku yake, na vijana wakachukua sahani kwa miguu au kwa baiskeli, jiko limekwisha kuanza. Tena mpelekaji asiingie kwa kelele, wala asisimame kumtazama mtu anapokula. Amwekee, amsalimu, aende zake.